Mwizi Aliyerudisha Dirisha

Stoo ya Shule ya Msingi Chisamalo ilikuwa tupu. Kufuli lilikuwa mahali pake mlangoni, zima, halina hata mkwaruzo. Ndani hamkuwa na kitu ila mistari ya vumbi sakafuni pale mabati yalipokuwa yamelazwa, na mjusi mmoja aliyewatazama polisi kama mwenye nyumba aliyevamiwa.

Yalikuwa mabati ya kuezekea darasa la tano. Wanakijiji walifyatua tofali na kusimamisha kuta kwa nguvu zao. Serikali ikatoa fedha za paa. Tangu mwaka jana kuta zilikuwa wazi, jua likishuka humo bila hodi. Sasa ilikuwa Julai, na mabati yenyewe yameyeyuka.

Inspekta Mgeni Swalihu alikuwa ametoka Dodoma alfajiri kwa Landrova, yeye na Koplo Thobias. Simu ya upepo ilisema "mali ya serikali", na maneno hayo mawili yana nguvu ya kuamsha mkoa mzima.

Mwalimu Mkuu Ludovick aliwapokea kwa suti ya kaunda iliyopigwa pasi ikanyooka. Alikuwa na huzuni nyingi, kupita kiasi kidogo.

"Mabati mangapi, Mwalimu?" Mgeni aliuliza.

"Mia moja na ishirini."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyeyapokea, afande. Geji ishirini na nane, yale mazito."

"Na yote yalikuwa humu?"

"Yote."

Thobias akaandika. Mwalimu akatia sahihi, ndefu, yenye mkia.

Mgeni akawaacha akalizunguka jengo taratibu. Siku hizi alifanya kila kitu taratibu, maana hakuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Mkewe Zuleha alikuwa Tabora tangu Idi, akimuuguza mama yake, na nyumba yao ya mtaa wa Majengo, Dodoma, ilikuwa imekosa sauti. Mgeni alimkumbuka hata kwa mambo ya kipuuzi, kama alivyokuwa akigombezwa kwa kutupa taulo bichi kitandani. Siku hizi taulo alilitupa na hakuna aliyesema neno, na hilo lilimuuma kuliko alivyotegemea.

Nyuma ya stoo alisimama mbele ya dirisha.

"Thobias, njoo. Unaona nini?"

"Dirisha, afande."

"Gusa udongo pembeni mwa fremu."

Koplo akagusa. Ulikuwa mpya, rangi yake bado imekolea kuliko ukuta. Fremu nzima ilikuwa imeng'olewa, mabati yakapitishwa, kisha ikarudishwa, ikashindiliwa na kupigwa lipu. Thobias alisema labda mwizi alitaka kuficha njia yake.

"Kuficha kungetosha kuipachika tu," Mgeni alisema. "Huyu ameipima kwa timazi. Tazama ilivyosimama. Mwizi gani anaiba, halafu anakaa kunyoosha dirisha?"

Alimrudia Mwalimu Mkuu na kumuuliza nani alijenga stoo. Uso wa Ludovick ukapata nuru kidogo. Alisema ni fundi Yotham, na kama afande angependa kujua, mtu huyo alikuwa na kinyongo naye. Mwaka mzima alikuwa akizunguka maofisini kumchafulia jina, kwamba fedha za shule zimeliwa. Hakuna ofisi asiyoifikia. Mwalimu alilieleza hilo kwa masikitiko, kama daktari anayetaja ugonjwa wa mtu mwingine.

Nyumba ya Yotham ilikuwa mwisho wa kijiji, tembe ya Kigogo yenye paa bapa la miti na udongo. Mgeni aliitazama kwa mbali akapunguza mwendo. Mama yake mzazi alikuwa Mgogo wa upande wa Kongwa, na utoto wake wote, kila mawingu ya Novemba yalipoanza kukusanyika, alibebeshwa karai la udongo kupeleka juu ya tembe ya bibi. Ndivyo watu walivyofanya: paa linatiwa udongo mpya mvua ikikaribia. Kabla ya hapo upepo wa kiangazi ungeupeperusha wote, kazi ikawa bure.

Paa la Yotham lilikuwa jekundu, bichi, limetiwa udongo mpya. Mwezi wa Julai. Majirani zake wote walikuwa wameanika mtama juu ya mapaa yao; juu ya lake hapakuwa na punje.

"Mbukwenyi," Mgeni alisalimia kwa Kigogo mlangoni.

"Mbukwa. Karibuni," ilijibu sauti ya upole.

Yotham alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mikono mipana ya kazi. Hakushtuka kuona polisi. Aliwapa vigoda, akaomba radhi kwamba chai hakuna, kwa kuwa mtu akiishi peke yake huacha hata kuwasha moto. Mgeni alilijua hilo vizuri mno.

Kwenye kona palikuwa na dawati dogo la mninga, jipya, limefunikwa kanga.

"Hilo la nani?"

"La binti yangu Lea. Nimelichonga mwenyewe, la kukalia darasa la tano."

"Yuko wapi?"

"Kongwa, kwa shangazi yake. Hapa shule inaishia la nne, mpaka paa lipatikane. Mama yake alifariki. Basi tulikuwa wawili, naye akaenda."

Alisema kwamba Januari alimpeleka mwenyewe kwa miguu, na njiani mtoto alimuuliza watarudi lini. Alimjibu Pasaka, wakishaezeka. Pasaka ikapita. Shangazi alisema mtoto amekua, ameanza kucheka kama wasichana wa mjini. Yotham hakukijua kicheko hicho. Alikuwa akijaribu kukiwaza jioni, akishindwa.

Juu yao kuku walikuwa wameparamia paa, wakaanza kuparua udongo wakitafuta wadudu. Kwanza ulisikika mchakacho wa mchanga. Kisha kucha zikafika chini.

Kwara. Kwara-kwara.

Thobias alitazama juu. Hakuna tembe duniani yenye kutoa sauti ya bati.

"Ndugu Yotham," Mgeni alisema, akitumia ule "ndugu" wa zamani ambao mjini ulikuwa unakufa, kila mtu akitaka kuwa bosi. "Unazo haki zako. Hulazimiki kusema neno, na utakalosema litaandikwa. Mabati yako juu ya vichwa vyetu?"

"Yako juu, afande."

"Uliyaiba wewe?"

"Mimi. Nilibeba kwa punda wangu. Hakunisaidia mtu."

"Kwa nini ulirudisha dirisha?"

Yotham aliona haya kwa mara ya kwanza. "Lile jengo nimelisimamisha kwa mikono yangu. Nilishindwa kuliacha na tundu."

"Uliyachukua mangapi?"

"Yote yaliyokuwemo. Arobaini. Geji thelathini na mbili, mepesi, ukilikanyaga linabonyea. Panda uhesabu."

Thobias akapanda. Alikaa huko kwa muda, akifukua na kuhesabu kwa sauti, kuku wakimlalamikia. Aliposhuka alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Yalikuwa arobaini, mepesi.

"Mwalimu Mkuu amesema mia moja na ishirini," Mgeni alisema polepole. "Geji ishirini na nane."

"Amesema mwenyewe? Na sahihi ametia?"

"Ametia."

Yotham akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwaka mzima nimetafuta mtu wa kumwuliza swali hilo. Nilimwuliza mimi: Mwalimu, mabati yetu ni mangapi, mbona haya ya stoo hayafiki nusu ya paa? Akasema mahesabu ya serikali hayamhusu fundi. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akasema nenda kwenye kata. Kata wakasema wilayani. Wilayani wakanambia njoo kesho, nikalala huko, kesho yake wakanambia mkubwa yuko semina. Nikafika Dodoma. Kuna ofisi ina sanduku la malalamiko ukutani. Nilitumbukiza langu. Nikamwuliza mhudumu linafunguliwa lini. Akasema ufunguo alihama nao mtu."

"Polisi hukwenda?"

"Nilikwenda kituo kimoja. Wakaniuliza kimeibwa nini. Nikasema fedha za shule. Za nani? Za serikali. Wakasema basi serikali yenyewe ije ilalamike." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikakaa nikawaza. Nikaona, basi kiibwe kitu. Kikiibwa, Mwalimu atalazimika kwenda polisi mwenyewe, na huko lazima aseme ni mangapi. Nilipolalamika mwaka mzima hakuja mtu. Nimeiba juzi, leo mmefika, tena na gari."

Mgeni alikuwa na miaka ishirini na sita kwenye jeshi la polisi. Alikuwa amesikia visingizio vya kila rangi, na hakukumbuka hata kimoja kilichomfanya atazame viatu vyake. Akamtia pingu mwenyewe, kwa upole, na kabla ya kuondoka Yotham aliomba kanga ivutwe vizuri juu ya dawati, vumbi lisiingie.

Kesho yake Mgeni alikuwa Majengo, kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Jayant, lililotajwa kwenye stakabadhi ya shule. Soko lilikuwa limefurika bidhaa, redio, baiskeli na masufuria ya kila nchi, mambo ambayo miaka kumi nyuma yalikuwa ndoto. Jayant, mzee wa miwani minene aliyezaliwa mtaa huohuo, hakusita. Alimkumbuka Mwalimu vizuri. Mteja huyo alinunua mia na ishirini, mazito. Kisha akaomba themanini yapelekwe Nzuguni, nje kidogo ya mji, na yale arobaini yaliyobaki akayabadilisha kwa mepesi, akachukua tofauti yake mkononi.

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa, Inspekta. Nikasema labda shule ina tawi."

Nzuguni viwanja vilikuwa vinapimwa na nyumba zinachipua kila upande. Ya Ludovick ilionekana tangu barabarani, paa likimetameta. Thobias hakuhitaji kupanda. Alihesabu akiwa chini, akarudia, akafika themanini.

Walimleta Mwalimu ofisini mchana huo. Suti ilikuwa ileile, imekunjamana.

"Mabati ya Nzuguni umeyapata wapi?"

"Nilinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa Mhindi mmoja."

"Jayant yuko chumba cha pili. Nimwite?"

Mwalimu alitupia jicho mlango.

"Mwalimu, mia na ishirini ni maneno yako. Sahihi ni yako. Arobaini yalikuwa Chisamalo. Themanini yako wapi?"

Ludovick aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Alipoanza kusema alisema yote, hakuzuilika. Mkewe alikataa kuishi kijijini. Alikuwa amepanga chumba mjini miaka sita, na kila mwisho wa mwezi Ludovick akimfikia alimkuta amekuwa mgeni zaidi. Safari ya mwisho mke alimwambia: ukiwa na nyumba Dodoma nitakaa nawe, usipokuwa nayo usirudi. Mshahara wa mwalimu usingeezeka hata banda la kuku. Wizi wa Yotham ulipotokea aliuona kama mkono wa Mungu. Kila kilichopungua kingemezwa na mwizi.

"Nilitaka kuishi na mke wangu, afande. Ni hilo tu."

Mgeni alimwelewa, na kumwelewa kulimkera. Mwalimu angekuwa na moyo wa jiwe ingekuwa rahisi.

"Na watoto wa darasa la tano wakaishi na nani?" aliuliza.

Thobias akampeleka Mwalimu mahabusu.

Jioni Mgeni alimtoa Yotham kuandika maelezo yake. Hakumwandikia wizi tu. Alimwacha aanze alikotaka, kijijini, kata, wilaya, sanduku la ukutani, kila mlango na kila jibu, naye akayaandika yote kwa mkono wake, ukurasa baada ya ukurasa. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa serikali kuyaandika. Yotham aliposomewa alisikiliza kama anayesikia habari za mtu mwingine, akaomba sentensi moja isomwe tena, ile isemayo fedha zilikuwa za watoto.

"Wizi ni wizi, ndugu yangu," Mgeni alimwambia. "Siwezi kuufuta. Nitamweleza hakimu kwa nini."

"Usiufute. Ukiufuta na haya mengine yatafutika."

Akatia dole gumba. Kisha akauliza mabati yataezekwa lini.

Hapo Mgeni alipata taabu. Ilimbidi amwambie kwamba sasa yote ni vielelezo, ya tembe na ya Nzuguni, na hayawezi kuguswa mpaka kesi iishe. Ataomba yapigwe picha na kuachiwa mapema, lakini hakuthubutu kuahidi. Yotham aliitikia kwa kichwa. Alionekana amezoea kungoja, ila mabega yalimshuka.

"Kesi itasikilizwa wapi?"

"Kongwa. Mahakama ya wilaya yenu."

Yotham aliinua uso. Kitu kilimpita usoni, kikamfanya aonekane kijana.

"Kongwa ndiko aliko Lea," alisema. "Shule yake haiko mbali na mahakama. Wakitupitisha pale nje, wakati wa mapumziko..."

Alitazama dole gumba lake lenye wino, akalisugua kwenye suruali, halikutoka.

"Nitamtuma mtu amwambie siku," Mgeni alisema. "Aje akuone. Mimi mwenyewe nitamchukua."

Ilikuwa dhahiri Yotham alikuwa akimwona binti tayari, akija, akicheka kile kicheko asichokijua.

"Hapana, afande," alisema mwisho. "Asiambiwe. Siku ya kesi ni siku ya shule."