Mshonaji Aliyesemewa

Enyi jamaa zangu, tegeni masikio, kwani haya yalipita katika nyumba ya watu wema.

Kila baada ya sala ya alfajiri, seremala alikunywa chai karibu na cherehani ya mkewe mshonaji, naye mke akimtania: "Baba watoto, vifungo vya shati lako si vibovu. Kitambi ndicho kinavikimbiza."

Asubuhi moja cherehani ikanyamaza. Mshonaji alishikwa na uchovu mzito, kichefuchefu, na maumivu yaliyopanda kutoka mgongoni hadi tayani.

Hospitalini tabibu akauliza, "Mama, unaumwa nini?" Kabla hajajibu, mumewe akamsemea, kama tulivyozoea wanaume: "Daktari, huyu ni mwepesi wa hofu. Akifa kuku, hulia siku tatu."

Tabibu akacheka. "Akina mama hawa." Akaandika: wasiwasi. Akampa vidonge vya kutuliza.

Katika miezi miwili walirudi mara mbili. Kila tabibu alifungua faili, akasoma neno lile, akalinakili. Na mjue kwamba seremala mwenyewe aliposhikwa na kifua mwaka uliotangulia, alipimwa moyo siku ileile. Ilikuwa misuli tu, kwa kubeba mbao.

"Si wasiwasi, baba watoto," mshonaji alisema wakirejea.

"Mama, madaktari watatu wakosee wote?"

"Aliyesema ni mmoja. Wawili wamesoma mwandiko wake."

Wiki iliyofuata alianguka juu ya kitambaa alichokuwa akikikata. Safari hii daktari wa zamu alimpima moyo, kisha akamgeukia mume. "Mshipa wa moyo umeziba. Maumivu yalianzia wapi? Alikuwa akikuambia anahisi nini?"

Seremala akamgeukia mkewe kitandani. Hakujua. Mara tatu alimsemea, wala hakumsikiliza.

"Muulize mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini.

"Hawezi tena kusema, mzee wangu."

Adhuhuri haikumkuta hai. Mola amrehemu.

FUNZO

Tangu zamani, maumivu mengi ya wanawake yameandikwa kuwa hofu, na kalamu ikarithi kalamu. Enyi matabibu, pimeni kwanza, ndipo muandike. Moyo wa mwanamke waweza kuugua hata kifua kisiume. Nanyi waume, wasindikizeni wake zenu, kisha nyamazeni. Shahidi wa maumivu ni mwenye mwili, nasi tutaulizwa mbele ya Mola juu ya kila ushahidi tulioukatiza.