Picha ya Namba Zetu Kwenye Kadi ya Harusi

Mteja aliweka flashi kwenye kaunta akasema anataka kadi za harusi, mia mbili.

Nikaifungua.

Bwana harusi... Fred Ombok.

Ombok wangu.

Ngojeni kwanza, wasomaji wangu. Jina peke yake lisingenimaliza. Akina Ombok ni wengi kuanzia hapa hadi ziwani. Kilichonimaliza ni picha iliyokuwa nyuma ya hayo majina.

Hiyo picha niliichora mimi. Na dunia nzima tulikuwa nayo watu wawili tu.

Naitwa Nyanchera, msichana wa Ikonge. Nafanya kazi ya uchapishaji, tawi letu la Nyamira. Wiki hiyo Machogu wa tawi la Kisii mjini aliugua, bosi akanituma nimshikie nafasi. Ombok, mchumba wangu, sikumwambia. Yeye anauza dawa kwa duka moja hapo Kisii, nikapanga Ijumaa nimtokee ghafla na chapati za lunch.

Sasa niwaeleze hiyo picha.

Nilisoma hesabu chuoni huko Meru, ndiko nikapenda kitu kinaitwa fraktali. Kuna programu ya bure. Unaipa fomyula fupi na namba mbili. Kompyuta inapiga hesabu, jibu linarudishwa ndani ya fomyula ile ile, tena na tena, na kila nukta kwa skrini inapata rangi yake. Namba zikikataa, unapata doa jeusi. Zikikubali... unapata mikunjo ndani ya mikunjo, kama vile vikamba vya malenge vinavyojisokota kwa shamba la mama.

Miaka mitatu iliyopita Ombok akaniambia, "Tuchoree picha ya namba zetu."

Namba ya kwanza nikaweka tarehe yangu ya kuzaliwa, 280895. Ya pili akanipa yeye. 010718.

"Hiyo ni nini?"

"Siku niliyokuona mara ya kwanza. Ulikuwa soko la Daraja Mbili unanunua nyanya. Wewe hukuniona."

Nililia, jamani. Mtu amenipenda miaka minne bila kunisemesha? Na picha ikatoka ya dhahabu na buluu, nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora.

Desemba hii alikuwa aje kwetu na wazee wake. Mama ameshapaka nyumba rangi.

Haya, turudi kwa kaunta.

"Sista, kuna shida?"

Alikuwa msichana mpole, amevaa beji ya ofisi ya bima shingoni. Emmah. Jina lake ndilo lilikuwa kwa kadi, kando ya la Ombok.

"Picha ni ndogo," nikamwambia. "Ikichapwa itatoka na ukungu. Nani aliichora?"

"Mchumba wangu, kwa kompyuta yake. Ni ya namba zetu."

Namba zetu. Maneno yale yale.

"Basi nipe hizo namba niichore upya, itoke kubwa."

Nikiri tu, hapo nilikuwa na nia mbaya. Nilitaka aaibike mbele yangu.

Akatafuta kwa simu, akanisomea.

"140397, hiyo ni birthday yangu. Halafu 010718. Hiyo ni siku aliyoniona kanisani nikiimba. Mimi sikumwona."

Nikaziingiza. Likatokea doa jeusi la mviringo, basi.

"Si hii," akasema. "Labda nimekusomea vibaya."

Akasoma tena polepole, tarakimu moja moja. Nikaingiza tena. Doa lile lile.

Nikamwona anauma mdomo, anaangalia simu, anaangalia skrini. Ile nia mbaya yote ikaniishia. Nikafuta namba yake, nikaweka 280895.

Picha ikaanza kujichora kutoka juu, mstari kwa mstari. Dhahabu. Buluu. Emmah aliitazama mpaka ikaisha.

"Hiyo ni ya nani?"

Nikatoa kitambulisho kwa pochi, nikakiweka mbele yake. Akasoma jina, akasoma tarehe ya kuzaliwa. Kisha akashika kaunta kwa mikono miwili.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Na wewe?"

"Mwaka na nusu."

Mzee mmoja aliyekuwa anangoja fotokopi ya title deed ya shamba lake akasema, "Wasichana, mimi naharakisha." Akatuangalia vizuri, akavuta kiti akakaa.

Mlikuwa mnangoja tung'oane nywele, sivyo? Hatukuwa na nguvu hiyo.

Emmah akaweka kidole kwa skrini, juu ya ile namba ya pili.

"Hii tumepewa sisi wote."

Akafungua kalenda ya simu, akarudi nyuma hadi Julai 2018. Tarehe moja. Ilikuwa Jumapili kweli. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mwaka huo wote nilikuwa Mombasa kwa shangazi," akasema. "Kanisani huku sikuimba."

Na mimi? Mimi nilikuwa Meru, katikati ya mitihani. Nyanya za Daraja Mbili ningezinunuaje?

Sasa nitukaneni, nimestahili. Mimi ndiye mtu wa hesabu. Nahakiki namba za kila mtu anayekuja hapa, simu ya fundi kwa bango, tarehe ya mazishi kwa kijitabu cha marehemu. Namba yangu mwenyewe nimekaa nayo miaka mitatu sikuihakiki hata siku moja. Ilinipa picha nzuri, nikanyamaza.

Emmah akampigia Ombok, akaweka spika.

"Sweetie, kadi ziko sawa?"

"Ombok, tarehe moja Julai 2018 ni siku ya nini?"

"Si nilikwambia? Siku niliyokuona mara ya kwanza."

"Niko hapa na Nyanchera. Amenionyesha kitambulisho chake."

Nilisikia mteja wake huko akiulizia dawa ya kikohozi.

"Hiyo siku si yangu na si yake," Emmah akasema. "Ni ya nani?"

Aliposema, sauti ilikuwa imeshuka kabisa.

"Ni siku mtoto wangu alizaliwa. Yuko Magwagwa na mamake."

"Unamsaidia?"

"Nilimwona siku hiyo tu. Sijarudi."

Siku niliyokuona mara ya kwanza.

Kumbe maneno yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya mtoto wake, akatugawia sisi.

Emmah akakata simu. Tulilia wote wawili hapo kwa kaunta, na yule mzee akatupatia leso yake moja tugawane.

Kadi hazikuchapwa. Kabla ya kuondoka Emmah akaniambia, "Nichapie picha moja. Majina utoe."

"Ya nini?"

"Kuna mtoto Magwagwa wa miaka saba. Nusu ya hii ni yake."

Nikamchapia. Kama alimpelekea, sijui. Bado sijapata moyo wa kumuuliza.

Ombok amepiga simu mara nyingi, sijashika. Lakini sitawadanganya, namkumbuka. Nikiingia nyumbani na ile rangi mpya ukutani, nageuza uso.

Kwa hivyo dada zangu, na kaka pia, mtu akikupa tarehe tamu, kabla hujalia, jiulize siku hiyo ulikuwa wapi. Kuuliza si kukosa mapenzi. Mimi niliogopa kuuliza kwa sababu niliamini bila namba yake ningebaki doa jeusi.

Na hilo ndilo limeniumiza zaidi. Jana niliifungua ile picha nikitaka kuifuta kabisa. Nikaanza na namba yake. Nikatoa 010718, nikaweka sifuri, nikangoja doa.

Ikaanza kujichora.

Dhahabu. Buluu. Mikunjo ndani ya mikunjo, imetulia kuliko ile ya kwanza. Kwa namba yangu peke yake na sifuri.

Nililia kuliko siku ya kadi. Miaka mitatu nilikuwa namshukuru Ombok kwa picha ambayo ilikuwa yangu tangu mwanzo.