Timu ya Papa Paluku

Asubuhi ile mzee Télesphore alikuwa anaosha sufuria, hana habari. Ilikuwa Januari mwaka 2025, huko Himbi, mtaa wa Goma, katika ua wa shirika moja la misaada ambako alikuwa mlinzi. Vita vilikuwa vimesogea hadi Sake, mji wa jirani, na wakubwa wa shirika walikuwa wanapakia mabegi ili wavuke mpaka. Mgeni wa mwisho kupanda gari, mama mmoja mwenye haraka, alimwachia kimashine cha michezo, kipana kama kitabu cha sala. Alimwonyesha vitufe viwili vitatu, akamwambia kitampunguzia upweke. Gari likaondoka, naye akarudi kwenye sufuria yake.

Nyumbani kwake Ndosho majirani walimwita Papa Paluku, kwa jina la kifungua mimba wake. Yeye ni Munande, na kwa Wanande mtoto huzaliwa jina likimsubiri. Mvulana wa kwanza kwake ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Mungu alimpa wote wanne. Aliyebaki ni Kakule peke yake, kijana wa miaka kumi na minane anayebeba watu kwa pikipiki.

Miaka kumi nyuma, upande wa Beni, yeye mwenyewe ndiye aliyewatuma wale wakubwa watatu shambani wakachimbe mihogo. Kakule alikuwa na homa, akabaki nyumbani akilia kwa kuachwa. Kasereka, aliyekuwa na miaka kumi, alirudi kutoka njiani kumbembeleza. "Baki tu," akamwambia, "nitakuletea muwa." Jioni hawakurudi, wala kesho yake. Watu waliokwenda kuwatafuta walikuta kikapu na ndala moja kwenye udongo mwekundu wa kule, basi. Familia ikakimbilia Goma, mji wa mawe meusi na vumbi jeusi.

Ukoo wao una desturi: mtu akipotea na mwili wake usionekane, huzikwa shina la mgomba mahali pake, ili kilio kiishe na yeye apumzike. Henriette, mkewe, alimwomba jambo hilo kila mwaka. "Papa Paluku, tuzike migomba tatu. Mutu hajazikwa anatembea. Na mwenye uhai haitwe pamoja na benye hawajazikwa."

"Nikizika mugomba, nimesema wamekufa," alikuwa anajibu. Hapo mazungumzo yanaisha. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, lakini nani angemwambia baba wa watoto watatu?

Basi ua ukawa mtupu, na mzee akakifungua kile kimashine. Alikuwa amefundisha shule ya msingi, kwa hiyo Kifaransa cha kwenye kioo hakikumshinda. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: unapewa mayai manne, unayaangua, kila yai linatoa kiumbe unachokipa jina. Viumbe wako wanapita msituni wakipigana na wanyama wakali, na kila wakishinda wanapanda ngazi. Mwisho wa msitu kuna mto. Timu ya wanne, kila mmoja akiwa ngazi ya kumi, ndiyo inayovuka. Ng'ambo ilionekana nyumba moja ndogo yenye moshi wa jikoni.

Yai la kwanza lilipopasuka kikatoka kiumbe chenye pembe, hakufikiri. Wa kwanza ni Paluku, angeitwa nani tena? Wa pili, mwenye mabawa, akawa Kambale. Wa tatu, kadogo kenye masikio marefu, akawa Kasereka. Kwenye yai la nne kidole kikasimama. Kakule alikuwa hai, asubuhi ile ile alikuwa amekunywa naye chai. Mzee akaliacha yai bila kuliangua, akaanza kucheza na watatu.

Ukweli usemwe: siku zile alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa miaka kumi. Paluku akipanda ngazi, anacheka peke yake. Kambale akiumia, anamwambia pole. Aliwaona wanawe wakikua, jambo ambalo alinyimwa. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kila vita vikiisha, wale wawili walisonga mbele, lakini Kasereka aligeuka, akakimbia mpaka kwenye lile yai, akasimama mbele yake, ndipo akawafuata wenzake. Hakuna aliyembonyezea kitufe cha kufanya hivyo.

Kisha vita vikaingia mjini. Mabomu yalianguka mchana kweupe, watu wakikimbia na magodoro vichwani, na Kakule alikuwa barabarani akiwabeba. Simu yake haikupatikana. Mzee alikaa kwenye kibanda chake cha mlinzi, kimashine mapajani. Kwenye kioo palikuwa na maelezo aliyokuwa ameyasoma mara nyingi bila kuyajali: kiumbe mchanga awekwe nyuma ya timu, wakubwa watapigwa badala yake, naye atakua bila kupigana.

Aliyasoma tena. Paluku alikuwa ngazi ya nane. Kambale nane. Kasereka saba. Nani amlinde mtoto kuliko ndugu zake?

Maneno ya Henriette aliyakumbuka vizuri sana. Lakini hofu ya mzazi haina masikio. Akaliangua yai, akaandika Kakule, akamweka nyuma.

Saa tisa mchana Kakule akafika Himbi akisukuma pikipiki, shati limechanika mgongoni. "Papa, bombe imeanguka pale nilikuwa nimesimama," akasema polepole. "Kuna mutu alinivuta shati ku nyuma, nikaanguka mbali. Nimegeuka, hakuna mutu." Mzee akamkumbatia, akalia machozi ya shukrani. Alijiona baba mwenye akili kuliko wote mjini.

Mapigano yakanyamaza. Umeme ukakatika, maji yakakatika, watu wakaanza kuokota maiti barabarani. Mzee alifunga kibanda, akaenda na kimashine nyumbani, akakificha chini ya nguo. Hakukigusa. Hakukuwa na umeme wa kukichaji. Hata hivyo alipokichungulia siku ya tatu, kioo kilikuwa kinawaka. Watatu wote walikuwa wamefika ngazi ya kumi. Kakule alikuwa ngazi ya sita.

Kakule wa nyumbani alikuwa ameacha kula. Alikaa mlangoni akitazama barabara. "Papa," akauliza, "ku shamba yetu, kisima kilikuwa chini ya muti wa avoka, njo vile?"

Ilikuwa hivyo, chini ya mparachichi. Lakini Kakule hakuwahi kufika kwenye shamba lile; siku ile ya homa ingekuwa mara yake ya kwanza.

Siku ya nne, ngazi ya saba. Siku ya tano, ya nane. Miguu ya kijana ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Siku ya sita, adhuhuri, Henriette alileta beseni la maji ya uvuguvugu amwoshe miguu. Maji yakawa mekundu. Akadhani ni damu, akatafuta kidonda, hakukiona. Ulikuwa udongo. Udongo mwekundu, uliojaa kwenye kucha za mtoto ambaye wiki nzima hakutoka nje.

Henriette hakupiga kelele. Alimfuata mumewe chumbani. "Papa Paluku," akanong'ona, "umefanya nini?"

Mzee akamwonyesha kimashine. Henriette hajui kusoma hata herufi moja. Alitazama kioo kitambo, kisha akaweka kidole juu ya kile kiumbe kidogo chenye masikio. "Uyu njo Kasereka," akasema. "Angalia vile anageuka nyuma."

Kakule alikuwa ngazi ya tisa. Mbele ya timu kulikuwa na mto.

Mzee akatafuta mahali pa kumwachilia Kakule atoke kwenye timu. Akabonyeza. Kioo kikaandika: Kakule hawezi kuacha ndugu zake. Akabonyeza tena. Maneno yale yale. Sebuleni mkeka ukachakacha. Kakule alikuwa amesimama. Hana viatu. Anaelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?" Henriette akamkimbilia, akamshika kiuno.

"Bananiita, mama."

Alikuwa mwepesi kwa sura, lakini Henriette alivutwa naye kama anayevutwa na ng'ombe. "Achilia bale wengine," akamwambia mumewe. "Bale watatu. Waache waende."

Mzee akamfungua Paluku. Unataka kumwachilia? Ndiyo. Kiumbe chenye pembe kikainama, kikaingia msituni, hakikutazama nyuma. Mzee aliumia kama aliyekatwa mkono. Akamfungua Kambale. Ndiyo. Mabawa yakapita juu ya miti, yakapotea.

Mlangoni, Kakule akasimama. Akakaa chini kwenye kizingiti, akaanza kutetemeka kama mtu aliyeamshwa.

Akabaki Kasereka. Alikuwa amegeuka, anamtazama mzee moja kwa moja. Miaka kumi. Mtoto aliyerudi kutoka njiani ili ndugu yake asilie. Kidole cha mzee kikawa juu ya kitufe, na kitufe kikawa kizito. Akajisemea kwamba timu ya wawili haivuki mto. Mmoja tu, mdogo vile, atadhuru nini? Akazima.

"Na Kasereka?" Henriette akauliza kutoka mlangoni.

"Ameenda."

Katika miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumdanganya. Siku ile alimdanganya kuhusu mtoto wao.

Kesho yake walizika migomba mitatu nyuma ya nyumba, na kwa sababu Ndosho ni mawe matupu, mashimo yalichimbwa kwa mtaimbo toka asubuhi hadi mchana. Henriette alilia kilio cha miaka kumi. Mzee alilia kwenye shimo la kwanza, akalia kwenye la pili. Kwenye la tatu alisimama tu akitazama mawe. Mkewe aliliona hilo.

Kakule akapona. Aliomba fufu na samaki, akala sahani mbili, na wiki iliyofuata akarudi kazini. Mji ulikuwa umeanza kutembea tena na watu walihitaji pikipiki. Lakini yeye alikuwa anarudi bila kitu. Wateja walimsogelea, wakamtazama, wakachukua pikipiki nyingine. Mchana mmoja aliwasimulia wazazi wake wakila. Mama mmoja mwenye mzigo wa unga alikuwa amemwambia: "Shusha kwanza ule mutoto, njo nipande."

"Mutoto gani?" Kakule alikuwa amemuuliza.

"Uyu ulibeba ku nyuma. Kwani unataka tuwe watatu?"

Kakule alisimulia akicheka kidogo, kama mtu anayetaka wenzake wacheke ili na yeye aamini kwamba ni mzaha. Hakuna aliyecheka. Henriette aliweka tonge lake chini. Alimtazama mumewe muda mrefu, bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia. "Amechoka, Papa Paluku," akasema kwa sauti ndogo. "Ule mutoto amechoka kutembea."

Mzee akatoka nje kuiosha pikipiki. Kila asubuhi alikuwa anaiosha kabla mkewe hajaamka, na Kakule alidhani ni mapenzi tu ya baba. Pa kukanyagia abiria, upande wa kushoto, palikuwa na unyayo wa udongo mwekundu, mdogo, ukubwa wa kiganja chake. Aliufuta kwa kitambaa kama siku zote. Ndipo akaona kitu kwenye kiti cha nyuma.

Kilikuwa kipande cha muwa, kimemenywa kwa meno, bado kina maji.

Kabla hajakificha, mkono wa Kakule ulipita begani kwake ukakichukua. Kijana alikitafuna akiwa amesimama, macho ameyafumba. "Papa, umenunua wapi?" akauliza. "Uko utamu kama wa kwetu."

Mzee alikuwa anatazama kiti cha nyuma cha pikipiki. Hapakuwa na mtu, na kilikuwa kimebonyea.