Programu ya Bure Kutoka Bwera

Kila asubuhi ya likizo Phionah alifagia ua, akaosha vyombo vya jana, kisha akapangusa vumbi kwenye kompyuta ya mama yake. Ilikuwa kompyuta mpakato iliyokwisha kutumiwa na wengine, kifuniko kimepasuka pembeni. Hapo kwao Bulembia, mjini Kasese, majirani waliiita "ofisi ya Medius". Medius ndiye mama yake. Shule aliiacha darasa la sita kwa kukosa karo, lakini kompyuta alijifundisha mwenyewe, kidole kimoja kimoja, mpaka akawashinda makarani kwa kuchapa.

"Nisomee maneno ya bibi Yayeri," mama alisema asubuhi ile, huku akimenya matoke.

Phionah alifungua faili, akasoma: "Mimi ni Yayeri wa Karusandara. Tangu machinjio yale yajengwe juu ya mfereji, tunachota maji yenye damu. Jumanne nilikuta utumbo wa ng'ombe umeingia kwenye jerikeni yangu. Nikauvuta kwa mkono. Nikachemsha maji yale yale, maana sina mengine. Mjukuu wangu ameharisha siku tisa."

Phionah alikunja pua.

"Umekunja pua?" mama aliuliza. "Vizuri. Siku utakayoacha kukunja pua, ujue umeshazoea kunywa uchafu."

Bibi Yayeri alikuwa amefariki mwezi uliopita. Maneno yake yalikuwa ndani ya kompyuta ile, na hakuna mahali pengine. Mama alikuwa amekaa na familia thelathini na nane za Karusandara, nyumba kwa nyumba, akichapa kila walichosema. Zilibaki mbili tu. Jumatatu kamati ya afya ingekutana, na ushahidi wote ungesomwa mbele ya mwenye machinjio.

"Kwa nini usiandike kwa mkono tu, mama?"

"Nilishaandika! Miaka mitatu iliyopita. Nikampa mtu mmoja mwenye tai apeleke mbele. Unajua niliikuta wapi barua ile? Nilinunua chapati njiani, nikapewa imefungwa kwa malalamiko yetu wenyewe. Alama za vidole gumba vya wazee zinachuruzika mafuta! Sijasahau, na sitasahau. Safari hii nachapisha nakala kumi."

Lakini alipokaa kuendelea na kazi, kompyuta ilikataa. Programu ya kuandikia ilikuwa ya kujaribu tu, na siku zake zilikuwa zimekwisha. Aliweza kusoma, ila hakuweza kuongeza hata nukta, mpaka anunue.

Mama akasonya. "Maneno yangu, mashine yangu, na bado nipige magoti!"

"Mama, kesho Ijumaa mjomba Benon anapeleka vitunguu soko la Bwera," Phionah alisema. "Kule kuna laibrari ya filamu ya Baker. Unampa flashi, anakujazia filamu, nyimbo, hata programu. Darasa letu zima wanajaza kwake."

"Programu ya kazi ichotwe pamoja na filamu za mangumi? Nenda kwanza kwa Hajati Jamidah, umwulize kama ni salama."

Hajati Jamidah alikuwa fundi wa kompyuta mjini. Phionah alifika dukani kwake, akakuta watu sita wanangoja, akaona uvivu. Akarudi nyumbani.

"Hajati amesema ni sawa," alidanganya, wala hakupepesa macho.

Kesho yake, huko Bwera, duka la Baker lilisikika kabla ya kuonekana. Spika mlangoni ilikuwa inanguruma, mfasiri wa filamu akipiga kelele kwa Kiganda juu ya milio ya bunduki. Ndani kulinuka jasho na waya zilizoungua. Baker mwenyewe alikuwa kijana mwenye tabasamu pana.

"Mutoto, leta flashi. Unataka filamu ngapi?"

"Nataka programu ya kuandikia."

"Iko! Mwenyewe anauzaga bei ya ngombe, mimi nimevunja kufuli yake. Kwako iko bure, lipa kazi ya mukono tu. Lakini sikia: mbele ya kuiweka, zima ile mulinzi wa kuzuia virusi. Inasumbuaga watu."

"Kama programu ni nzuri, mbona mlinzi aikatae?"

"Mbwa si anabwekaga hata mugeni muzuri?" Baker alijibu, na vijana waliokuwa wakingoja wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu wa Kasese anaogopa kompyuta kama bibi kizee!"

Aibu ikamchoma Phionah. Nje, mjomba Benon alikuwa anapiga honi. Akatoa flashi.

Walirudi mchana. Mama alikuwa ameenda mjini kununua karatasi. Phionah alizima mlinzi kama alivyoagizwa, akaingiza flashi, akabofya. Dirisha likafunguka, likajifunga. Kisha kioo kikajaa matangazo ya kamari, na picha chafu ambazo mtoto hapaswi kuziona, moja juu ya nyingine, kama nzi kwenye kidonda. Alipozifunga, zilizaliana.

Akakimbilia faili za Karusandara. Kila jina lilikuwepo, lakini kando yake palikuwa na mshale mdogo. Akabofya jina la Yayeri. Hakuna. Akabofya jingine. Hakuna. Yote thelathini na nane yalikuwa majina matupu.

Phionah alifunga kompyuta, akanawa mikono kwa sabuni. Alijua vizuri kwamba uchafu wenyewe hauko mikononi.

Jioni mama aliifungua, akaona. Alibofya majina yote, moja baada ya jingine.

"Nani ameigusa?"

"Imeharibika yenyewe, hata programu ya Baker sijaiweka bado," Phionah alisema. Ule ulikuwa uongo wa pili, na uliteleza kuliko wa kwanza.

Asubuhi ya Jumamosi mjomba Benon alipita. "Dada, usilie. Nakwenda tena Bwera sasa hivi. Baker ataifomati. Anafuta kila kitu, mashine inarudi kama imetoka dukani."

"Nitafanya nini sasa?" mama alisema kwa sauti iliyochoka. "Maneno yamekwenda. Angalau mashine ipone, niwafuate tena wale walio hai."

Benon akaitia kompyuta kwenye mfuko, akaelekea kwenye gari. Phionah alimtazama akipita. Wale walio hai! Na Yayeri je? Halafu anayekwenda kufuta ni yule yule aliyechafua! Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Akisema, mama atajua amezaa mwongo.

"Mjomba, usiende!" alipiga kelele. "Mama, ni mimi! Hajati sikumwuliza. Nilizima mlinzi. Nikaiweka programu ya Baker. Nimekudanganya mara mbili."

Mama alimwangalia kama mtu aliyeuma chakula akakuta mchanga. Mkono wake haukuinuka.

"Umedanganya kuhusu kazi hii?" alisema polepole. "Watu walionipa machozi yao, wewe ukawapaka uongo? Tusiongee hayo sasa. Ulibofya nini? Kwanza nini, kisha nini? Utamwambia Hajati yote, usiruke hata moja."

Hajati Jamidah aliwasikiliza huku amevaa miwani ya kazi. Phionah alisema yote: uvivu wa foleni, mlinzi, flashi, picha chafu, mishale.

"Mishale!" Hajati akasimama. "Mwanangu, ungeificha mishale hiyo ningehangaika siku tatu. Kirusi hiki nakijua. Hakifuti faili, kinazificha, kinaacha vivuli mahali pake. Fundi mvivu akiona hivyo anafomati, na hapo ndipo unapopoteza kweli."

Benon alishika kichwa. "Kumbe nilikuwa nampeleka mgonjwa kwa mchawi aliyemroga!"

Hajati alisafisha kompyuta kwanza, kisha flashi. Halafu akaiamuru mashine ionyeshe vilivyofichwa. Faili zikajitokeza, moja, mbili, kumi. Mama alizisoma kwa sauti kama anayeita majina darasani. Alipofika kwa Yayeri, aliifungua, akasoma mstari wa kwanza, akashindwa kuendelea.

"Kumbe mlikuwa mnatafuta programu ya kuandikia tu?" Hajati alisema. "Hii hapa, LibreOffice. Walioitengeneza wameitoa bure kwa ridhaa yao, hakuna kufuli iliyovunjwa. Naichukua kwenye tovuti yao wenyewe, si mfukoni mwa mtu. Inafungua kazi zako za zamani. Na angalia, mlinzi yuko macho na hana neno."

Akaiweka, kisha akanakili faili zote kwenye diski nyingine. "Kazi isiyo na nakala ni kama mtoto asiye na jina," alinung'unika.

Jumapili mama alimpeleka Phionah Karusandara kwa familia mbili zilizobaki. Mfereji ulikuwa na povu la rangi ya kutu, nywele za ng'ombe zimenata kwenye majani, na harufu iliyoshika ulimini. Mtoto wa miaka minne alikuwa anateka maji humo kwa kikombe. Phionah alikaa kwenye kigoda, akachapa maneno ya mama wa mtoto huyo bila kuongeza wala kupunguza.

Jumatatu mwenye machinjio alikuja na shati jeupe, akasema huo ni wivu wa wanawake. Mama alisoma faili zote arobaini. Alipomaliza maneno ya Yayeri, afisa wa afya akataka kwenda kuona, na alipoona, alifunga machinjio siku ile ile mpaka shimo la taka lichimbwe mbali na maji.

Walipokuwa wanarudi, mama ndipo alipolirudia lile walilokuwa wameliacha.

"Phionah, vitu vya bure vizuri vipo. Hajati amekuonyesha. Kitu kikiwa cha bure, uliza kimetoka kwa nani, na mwenyewe amekitoa kwa hiari? Na mtu akikuambia uzime mlinzi wako ndipo akupe zawadi, huyo si mfadhili, ni mwizi anayekuomba ufungue mlango."

"Ndiyo, mama."

"Lakini Baker hakuwa karibu kutumaliza kama wewe. Kirusi kilificha maneno ya Yayeri, uongo wako ulitaka kuyazika. Ulichoniudhi nacho bado kinaniudhi, sikufichi. Ila ulisema kabla gari halijaondoka. Kosa lililosemwa hupata fundi, mwanangu. Lililofichwa hupata kaburi."

Phionah alichukua mfuko wenye kompyuta begani kwa mama yake, akaubeba mwenyewe mpaka nyumbani.