Kidude Chini ya Kitambaa

Ukiwa peke yako chumbani, mlango umeufunga, unaandika barua usiyokuwa na nia ya kuituma, ni nani anayeweza kuisoma? Utasema hakuna. Mzee Gerishon Kiarie wa Kitisuru naye alisema hivyo hivyo, mpaka Alhamisi ile alipofunua sanduku la cherehani ya marehemu mkewe akakuta hati ya nyumba haimo.

Inspekta Wavinya wa upelelezi alifika kabla ya saa tano asubuhi. Hakukimbilia kuuliza. Alisimama mbele ya sanduku akaliangalia kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala.

Cherehani ilikuwa ya mkono, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefifia pale mkono ulipozoea kupita. Kando yake kulikuwa na mkebe wa kahawa uliojaa vifungo, futi ya kupimia iliyokunjwa, na kitabu cha mitindo ya nguo. Vumbi lilikuwa limeguswa mahali pamoja tu, juu ya kitabu. Redio ilikuwepo. Saa ya mezani ilikuwepo. Droo hazikufunguliwa hata moja.

"Huyu hakutafuta," Wavinya alisema. "Huyu alijua."

Jikoni, Naliaka alikuwa amekalia begi lake. Alikuwa amefanya kazi nyumba ile miaka kumi na sita, na watu wote wa mtaa ule walimjua kwa jina la bintiye, Mama Ivyne.

"Begi la nini?" Wavinya aliuliza.

"Si mtanipeleka, afande? Nimeweka sweta na dawa ya presha. Wanasema huko ndani simiti iko na baridi."

"Nani amesema unapelekwa?"

"Hii nyumba tuko wawili. Mzee hawezi kujiibia."

"Asubuhi mlikuwa wapi?"

"Mzee alikuwa kanisani, kikao cha wazee. Mimi nilienda sokoni kununua sukuma na ndizi. Kurudi, mlango wa nyuma haujavunjwa, umefungwa vizuri kabisa."

"Kompyuta ya mzee unaitumia?"

Naliaka alicheka kidogo, bila furaha. "Mimi? Hata kuipangusa siipangusi. Mzee alikataza hicho kitambaa cha kuifunika kisiguswe."

Simu ya Wavinya ililia. Ni mkubwa wake. Mfanyakazi wa nyumba aletwe kituoni kabla ya saa kumi na moja, alisema, faili lifungwe. Wavinya alijibu ndiyo, akaweka simu mfukoni. Siku hizi simu yake haikulia kwa jambo lingine ila kazi.

Mzee Gerishon alikuwa sebuleni, amevaa tai na sweta, kofia juu ya goti. Viti tisa, mtu mmoja.

"Nani alijua hati iko kwenye cherehani?"

"Nilimwambia mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Debra."

"Tunaweza kumpata wapi?"

"Tulimzika miaka mitatu iliyopita," mzee alisema. Kisha akageukia jikoni. "Mama Ivyne! Letea mgeni chai."

Wavinya alingoja kikombe kifike. Alingoja mzee akoroge sukari. "Marehemu ulimwambiaje?"

"Nilimwandikia. Kila asubuhi saa mbili na nusu namwandikia. Ni mazoea tu. Debra alikuwa Mtaita, mimi Mkikuyu, Kiswahili ndiyo ilikuwa lugha ya nyumba hii. Sasa sina wa kuongea naye, basi naandika."

"Unachapisha?"

"Sina printa. Mtandao pia nilikataa. Huko ningemtafuta nani?"

Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma, rangi ya maziwa, pindo lake likining'inia mpaka nyuma. Mzee alikikunja mbele kwa vidole viwili tu, akafungua barua ya Jumanne. Wavinya akasoma.

*Mama Anita, leo kuna ukungu. Mparachichi wako umezaa. Hati nimeiweka kwenye sanduku la cherehani yako, ndani ya kitabu cha mitindo. Siku zangu zikiisha nyumba hii ni ya Mama. Amevumilia sana.*

Wavinya alilirudia neno moja katika barua ile. Alimpigia simu Jackton.

Jackton alikuwa mtaalamu wa uchunguzi wa kidijitali, mtu mrefu mwenye mkoba mdogo na maneno mengi. Alikuja saa nane, akavaa glavu, akaomba ruhusa ya mzee kufunua kitambaa chote.

"Madam, hii kitambaa imefumwa na mtu mwenye subira," alisema. "Lakini ona nyuma."

Waya wa kibodi haukuingia kwenye kompyuta moja kwa moja. Katikati palikuwa na kidude cheusi, kifupi kuliko kifundo cha kidole, kama kimeota pale.

"Ni nini?"

"Sikio. Kila herufi mzee anayobonyeza inapita hapa kwanza, halafu inarushwa hewani bila waya. Mtu akiwa karibu na simu yake, anasoma."

"Na kompyuta haikijui?"

"Hebu tuone." Alifungua orodha ya vifaa. "Inasema iko na kibodi moja. Hiki kidude kinajiita kibodi, na kompyuta imekubali. Ukiangalia orodha hii peke yake, utaapa hakuna kitu."

"Kwa hiyo kinaweza kujificha kabisa."

"Jina kinaficha. Kuingia kwake hakikuficha." Alibonyeza tena, akasoma polepole. "Tarehe kumi na tisa Julai, saa tano na dakika kumi na mbili, kibodi iling'olewa. Sekunde ishirini na sita baadaye ikachomekwa tena. Nani anang'oa kibodi kwa sekunde ishirini na sita?" Akamwonyesha simu yake. "Halafu hii hapa. Ukitafuta mawimbi, kuna mtandao unajiita printa. Mzee, uko na printa?"

"Nimesema sina."

"Basi. Kompyuta inadanganyika, madam. Lakini lazima kiongee ndiyo kisikike, na kikiongea tunakisikia."

Kidude kikaingia kwenye mfuko wa vielelezo, ila baada ya Jackton kutoka nje na simu mkononi, akihesabu hatua. Mawimbi yalipita bustani, yakapita ua wa miiba ya kayaba, yakafifia ukingoni mwa barabara. Zaidi ya hapo, kimya.

Wavinya aliinama. Kwenye nyasi za kando ya barabara palikuwa na matone ya mafuta ya gari, mengine mapya, mengine yamekauka siku nyingi. Mtu alikuwa anaegesha pale, tena na tena. Na kati ya nyasi, vipande vya uzi. Vifupi, vya kukatwa kwa meno. Rangi ya maziwa.

Alirudi jikoni. Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Naliaka, kile kitambaa kilitoka wapi?"

"Ni Debra alikianza, akafa kabla hajamaliza. Binti yao akamalizia. Alikileta siku ya ibada ya kumbukumbu, aliingia na kina mama wa kanisa, akakitandika mwenyewe. Mzee alimgeuzia uso."

"Ibada ilikuwa lini?"

"Julai. Tarehe kumi na tisa."

"Huyo binti huja mara ngapi?"

Naliaka alipangusa meza iliyokuwa safi. "Haji, ila siku hiyo tu. Mzee alimwambia kwa kaburi, usivuke geti yangu mpaka nikuite. Hajamwita."

Duka la Anita, binti huyo, lilikuwa Ngara, juu ya ngazi, kati ya muuza zipu na muuza mapazia. Kuta zote nyuzi za sufu, kwa rangi. Anita alikuwa na miaka arobaini na kitu, miwani imeshuka puani, sindano ya kufumia mkononi. Hakusimama alipoona kitambulisho cha polisi.

"Nilijua mtakuja. Sikujua ni leo."

"Una haki ya kunyamaza. Utakachosema kinaweza kutumika mahakamani."

"Nimenyamaza miaka mitatu, madam. Imetosha."

"Kidude ulikipata wapi?"

"River Road. Kijana wa kurekebisha simu aliniambia kompyuta haiwezi kukijua hata siku moja."

"Hati iko wapi?"

Anita alivuta kikapu chini ya kaunta. Chini ya sufu nyeupe kulikuwa na bahasha, imefungwa uzi mara mbili, haijafunguliwa. "Niko na ufunguo wa mlango wa nyuma tangu nikiwa shule. Hakubadilisha kufuli."

"Kwa nini?"

Sindano iliingia na kutoka. "Mama alizidiwa, daktari akasema apasuliwe hapo hapo. Baba alikuwa safari, simu haiingii. Nikaweka sahihi. Mama hakuamka. Baba akasema nimemuua bila kumwuliza." Alivuta uzi. "Nilitaka kujua ananisema nini akiwa peke yake. Asubuhi kabla ya kufungua duka naenda nakaa kwa gari nje ya ua, nafuma, nasoma. *Mama Anita, kuna ukungu. Mama Anita, nimekula mayai.* Jina langu kila siku, na si mimi ninayeandikiwa. Halafu Jumanne nasoma, nyumba ni ya Mama. Mama Ivyne! Mtu wa kazi! Hata cherehani ya mama yangu!"

"Huyo mtu wa kazi ameketi juu ya begi tangu asubuhi, anangoja kufungwa."

Anita aliinamisha kichwa. Hilo hakulijua.

"Jina lako la pili?" Wavinya aliuliza.

"Muthoni."

"Ulirithi la nani?"

"La nyanya. Mama yake baba."

"Ulipokuwa mdogo, baba yako alikuwa anakuitaje?"

Sindano ilisimama katikati ya kitanzi.

"Leo nimekaa naye tangu asubuhi," Wavinya alisema. "Naliaka anamwita Mama Ivyne, jina zima. Hajalikata hata mara moja. Mimi ni Wavinya, nimepewa jina la mama ya baba yangu. Baba alikuwa ananiita Mwaitu, ndiyo mama kwa Kikamba, mpaka nikawa na mvi. Alipokufa nikagundua hakuna mtu mwingine duniani wa kuniita hivyo."

Anita alivua miwani. Alilia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia ndani ya gari.

Saa kumi na nusu gari la polisi lilisimama Kitisuru. Wavinya alimpigia mkubwa wake: mfanyakazi hana kosa, mshukiwa amekiri, kielelezo kimepatikana. Faili litakwenda kwa mwendesha mashtaka, maana kunasa maandishi ya mtu ni kosa hata kama mtu huyo ni baba. Jikoni Naliaka alisikia, akafungua begi, akatoa sweta, akaivaa.

Anita alishuka akasimama nje ya geti, bahasha kifuani. Hakulisukuma, ingawa halikuwa limefungwa. Mzee Gerishon alikuja polepole kwa njia ya kokoto, mpaka wakabaki na vyuma tu kati yao. Wavinya alikuwa amekwisha mweleza yote kwa simu.

Alimtazama binti yake.

"Mama," alisema. "Nyumba ilikuwa yako tu. Ulikuwa unataka nini?"

Anita alipitisha bahasha kati ya vyuma, akaiachilia.

"Nilitaka unifungulie geti, Baba."