Sauti Nyuma ya Boneti

Gari lililetwa jioni, tukiwa tumeshaanza kukusanya spana. Aliyelileta alikuwa mama mshonaji, mjane, utepe wa kupimia nguo bado ukining'inia shingoni. Gari lilikuwa la marehemu mumewe. Likisimama kidogo tu, alisema, taa ya injini inawaka, kisha linazima. Ukilikanyagia mafuta linaendelea. Ukiachia, limekufa. Akatuachia ufunguo na kuondoka bila kuuliza litakuwa tayari lini.

Mjomba akanigeukia. "Haya, fundi wa kidato cha pili. Mgonjwa wako huyo."

Hivyo ndivyo anavyonitania tangu nilipoacha shule. Lakini jioni ile utani ulikuwa nusu. Mama mdogo alikuwa ameshanitafutia kazi ya ndani mbali, nikalee watoto wa watu. Mjomba aliahidi kwamba nikionyesha ufundi wangu atanitetea nibaki gereji. Sikutaka kitu kingine chochote duniani.

Mjomba akakaa kwenye usukani, akakanyaga mafuta. Nikalala juu ya injini, nikasikiliza. Chini ya ngurumo kulikuwa na sauti nyembamba... ssss... kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Nikamwambia mjomba kuna mpira wa kupitishia hewa umepasuka. Akaja, akapitisha kidole, akaugusa, akacheka kwa furaha. Kisha akanituma kwenye usukani nimkanyagie mafuta autazame vizuri.

Ndivyo tunavyofanya kazi kila siku. Mmoja nyuma ya boneti, mmoja kwenye usukani. Wa kwenye usukani haoni kitu, boneti imeziba kioo chote. Anafuata sauti tu. Washa. Kanyaga. Achia. Zima. Humuulizi mwenzako kwa nini, maana mikono yake iko ndani, karibu na feni na mikanda.

Mvua ikaanza kupiga bati. Mjomba akasema zima, nikazima. Akasema na kitu kingine, mvua ikakimeza. Mlango wa gereji ukalia kwa kuburutwa. Nikadhani anaufunga ili maji yasiingie.

Mvua tu juu ya bati.

"Washa."

Nikawasha. Taa ya injini ikawaka, ya njano, mbele ya uso wangu.

"Kanyaga. Hapo hapo. Usiachie."

Sikuachia. Dakika tano zikapita. Kumi. Moshi ukaanza kujaa, mchungu, ukanikaa kooni. Nikamwomba mjomba afungue mlango kidogo.

"Usiachie. Mkono wangu uko ndani."

Mguu ulichoka. Nikalikandamiza goti kwa mikono yote miwili. Kichwa kikawa kizito, kama kimejazwa mchanga.

Simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya mjomba.

Nikadhani ameibonyeza mfukoni bila kujua. Nikapokea. Aliniuliza ule mpira ni mnene kiasi gani, maana mwenye duka la spea ana aina mbili na anataka kufunga. Nyuma yake nilisikia redio, na watu wakibishana.

"Mjomba," nilinong'ona. "Uko wapi?"

"Dukani. Si nilikuaga?"

Nyuma ya boneti, sauti ileile ya mjomba ikasema taratibu:

"Kata simu. Kanyaga."

Nikatoa mguu.

Injini haikuzima.

Pedali ilibaki chini, imekanyagwa. Nikavuta kitasa. Kilikuwa kizito, kama kimeshikwa kwa nje. Nikatazama kwenye upenyo mdogo, pale boneti inapokutana na kioo. Kulikuwa na vidole vinne, vyeusi kwa grisi. Havikuwa vinafanya kazi yoyote. Vilikuwa vimetulia tu.

"Hatujamaliza," ilisema.

Mengine nilisimuliwa. Mjomba aliona moshi ukitoka chini ya mlango, akavunja kioo cha gari, akanivuta nje. Anasema injini ilikuwa inanguruma na mguu wangu ulikuwa juu ya pedali, mgumu kama mti. Akajilaumu. Akasema ule moshi unaua, na kabla ya kuua unamwonyesha mtu mambo.

Huenda.

Lakini mpira uliopasuka ulikuwa umeshafungwa. Waya mpya, mizunguko mitatu, imekazwa kwa koleo. Injini ilitulia, taa ikazimika. Mjomba akaniuliza nani kanifundisha kufunga vizuri namna ile. Nilitaka kusema si mimi. Nikafungua mdomo. Ila alikuwa ameshampigia mama mdogo, anamwambia siendi popote, mimi ni fundi.

Nikaokota koleo, nikalirudisha kwenye sanduku.

Mjane alipokuja asubuhi aliutazama ule waya muda mrefu. Akasubiri mjomba asogee.

"Alikuambia, 'Tosha'?"

"Hapana, mama."

Akafumba macho. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mumewe alikuwa akilitengeneza mwenyewe, kwenye banda lao, yeye akimkanyagia. Siku moja mama huyu alichoka. Akatoa mguu, akaegemeza tofali kwenye pedali, akaenda kuepua chungu. Aliporudi mumewe alikuwa ameinama vilevile, hapumui, banda limejaa moshi. Tangu hapo marehemu anatafuta wa kumkanyagia mpaka amalize.

"Lakini ilikuwa sauti ya mjomba," nilisema.

"Huazima, mwanangu."

Akaondoka na gari lake. Nikaamini yule marehemu ameondoka nalo.

Leo jioni muuza maziwa ametuletea gari lake. Jingine kabisa. Taa inawaka, linazima. Mjomba akanituma kwenye usukani, nikaenda. Fundi anayeogopa usukani ni fundi gani? Akawasha tochi, akaiuma kwa meno ili apate mikono yote miwili, akainua boneti. Sikumwona tena.

"Washa," ikasema sauti ya mjomba. Safi, kama ya mtu asiye na kitu mdomoni.

Nikachomoa ufunguo, nikaukumbatia kifuani.

Mjomba akachungulia pembeni ya boneti, tochi mdomoni, akiniuliza kwa macho kuna nini. Nikauona uso wake wote. Na nyuma yake, chini kwenye injini, sauti yake ikarudia:

"Washa."

Hakuisikia. Nilitaka kumwambia. Lakini ningelazimika kuanza na ule waya, niseme si mimi niliyeufunga.

Nikatikisa kichwa kwamba hakuna kitu. Akaridhika, akarudi kuinama, akaingiza mikono.