Udongo wa Kichuguu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Jémima alifagia uwanja wa nyumba yao ya Dilala na kumwashia bibi yake, nkambo Angèle, moto wa mbabula, jiko la makaa. Kisha alikwenda kuchungulia makopo ya nyanya yaliyopangwa kando ya ukuta, pale jua linapofika kwanza. Ndani yake kulikuwa na miche ya pilipili.

Haikuwa pilipili ya kununua sokoni. Mama yake, marehemu Stéphanie, aliitoa Dilolo alikokwenda kufanya biashara. Ilikuwa ndogo, ya njano, na kali mno. Moja ilitosha sufuria nzima ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, na aliyeipasua alijifunga mikono kwa mifuko ya plastiki. Mama alipofariki, aliacha chache zilizokauka, zimefungwa katika kitambaa. Nkambo alizitoa mbegu zote, akaziloweka katika maji ya uvuguvugu, akampa Jémima.

"Utapanda wewe. Hizi ndizo za mwisho, hatuna zingine. Lakini udongo ulete wa ku kichuguu, kule nyuma ya reli. Uponde vizuri, uchanganye na mavi ya mbuzi yaliyokauka."

Kichuguu kilikuwa mbali, na kigumu kama tofali. Tena jua lilikuwa linachoma. Nyuma ya ua wa jirani yao Tata Polycarpe, mchimbaji wa madini, Jémima aliona rundo la udongo mweusi, laini kama unga. Akajaza ndoo yake hapo.

"Umerudi mbio hivi! Miguu yako leo ina magurudumu?" nkambo alimtania.

Jémima alicheka tu.

Mbegu ziliota. Kisha majani yakageuka manjano. Miche ikadumaa, ikainama, ikaanza kufa mmoja mmoja. Jémima akaongeza maji, ikafa. Akaihamishia kivulini, ikafa vilevile.

"Ee Jémima, unapanda pilipili ama unapanda makopo?" kaka yake Dimitri alimcheka.

Macho ya Jémima yalikuwa kwenye kile kitambaa cha mama juu ya kabati. Kilikuwa kitupu.

Lililomuumiza zaidi ni maneno ya nkambo. "Labda ni mi niliziloweka sana," bibi alisema huku akigeuzageuza mikono yake. "Mikono hii imezeeka. Nimeharibu kitu cha mutoto wangu." Jémima aliisukuma kando sahani yake ya bukari.

Ilipobaki miche mitatu tu, alipiga magoti mbele ya bibi yake.

"Nkambo, si wewe. Ni mimi. Sikufika ku kichuguu. Udongo nilichota nyuma kwa Tata Polycarpe."

Nkambo alimwita jirani kutoka uani. "Tata Polycarpe, ule udongo wa nyuma kwako ni wa nini?"

"Ule? Aah, mama! Pale tunakung'utia mifuko ya madini. Hata majani ya porini hayaoti pale!"

Nkambo aling'oa mche mmoja taratibu. Mizizi ilikuwa mifupi, nchani imeungua. Hakupaza sauti. "Chukua ndoo na jembe," alisema.

Jémima alivuka reli akikimbia. Alipiga kile kichuguu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Waliisafisha mizizi kwa maji safi, wakaipanda upya. Hata hivyo miche miwili ilikufa. Wa tatu ulisimama bila kukua, na Jémima kila siku aliogopa kuuangalia. Mwishowe ukatoa jani moja dogo, la kijani kabisa.

Mche ule ulizaa. Pilipili ya kwanza ilipoiva, nkambo alimfunga Jémima mikono kwa mifuko ya plastiki, akamwacha aipasue mwenyewe juu ya kile kitambaa cha mama. Mbegu zikatawanyika.

"Kazi uliyoikimbia ilikungojea palepale," nkambo alisema. "Na ungesema jani la kwanza lilipogeuka manjano, leo tungekuwa na miche mingi. Udongo mubaya tunaubadilisha, mutoto wangu. Lakini mizizi haingoji mutu apate nguvu ya kusema ukweli."

Akakunja kitambaa, akampa Jémima akitunze.